Aliyeapa Kutukatia Umeme

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi Mgao anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la umeme kwa miaka thelathini na minne. Ataondoka jioni kama watumishi wengine, ingawa sisi tunaomfahamu tunajua kwamba atarudi kuchukua mwavuli, atarudi tena kuchukua miwani, na mwisho atatumiwa mtu amkimbilie kwa sababu mkoba ameuacha mapokezi.

Wahariri wa jarida la shirika wameniomba mimi wa mapokezi niandike wasifu huu kwa kuwa Shangazi ni wifi yangu. Aliajiriwa siku ile ile aliyoajiriwa marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi wa boila za mvuke mtamboni. Waliingia kwa mlango mmoja, wote wawili wamevaa viatu vya kuazima, na tangu siku hiyo akamwita kaka, basi. Watoto wangu wamekua wakijua ni shangazi yao wa damu na hakuna aliyethubutu kuwasahihisha. Si kawaida wifi kumsifu wifi mwenzake hadharani, kwa hiyo msomaji asome taratibu aufaidi.

Shangazi hakuanza na cheo. Alianza na gari. Lilikuwa gari la matangazo, lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, kimoja kizima na kimoja cha kukoroma. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akitangaza mgao: umeme utakatwa lini, wapi, na mpaka saa ngapi. Dereva wake aliamini kwamba gia ya tatu ni anasa, hivyo hakuna mteja aliyeweza kudai kwamba tangazo lilimpita. Sauti ya Shangazi ilizoeleka kiasi kwamba siku ya harusi yake, alipoulizwa kama ameridhia na akajibu "Ndiyo," watu wa safu za nyuma walianza kutafuta mishumaa.

Hata nyumbani kazi haikumtoka mdomoni. Mumewe anasimulia kwamba asubuhi moja aliamshwa kwa maneno haya: "Ndugu mteja, chai itachelewa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Sasa niwaeleze wasomaji wa matawi mengine habari za mtaa wa chini ya waya, maana bila mtaa huo hakuna Shangazi.

Mtambo wetu wa makaa ya mawe ulijengwa na wakoloni. Waliujenga kwa ajili ya mgodi wao na nyumba zao za mlimani, na waya mkubwa wakaupitisha juu ya mapaa ya watu waliobeba hayo makaa. Mgodi ulipata umeme, mlima ukapata umeme, wabeba makaa wakapata moshi. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilishwa, majina ya barabara yakabadilishwa, na wakazi wa mlimani nao wakabadilishwa. Waya ulibaki palepale. Mtaa wetu, ambako niliolewa na ninaishi hadi leo, uliendelea kuwasha vibatari huku umeme ukipita juu ukivuma kama nyuki. Kwetu weupe wa shati haukuwa rangi bali hali ya muda.

Barabara ya kwenda mlimani inakatiza katikati ya mtaa huo, na Shangazi alikuwa na maagizo ya kutangaza njia nzima bila kuruka. Basi siku yake ya kwanza akatangaza. "Ndugu wateja," alianza, kwa sauti ile ile. Watu wakatoka nje.

"Wateja wapi, dada?" fundi viatu wa pembeni ya barabara akamrushia. "Sisi mmetukatia tangu enzi za babu!"

Mama muuza mkaa akadakia: "Tunaomba na sisi mtukatie, jamani! Hata mara moja, tuonje!"

Mtaa mzima uliangua kicheko. Shangazi alikuwa msichana mgeni kazini, na maagizo yake hayakusema lolote kuhusu watu wanaoomba kukatiwa. Akataka kujibu kimyakimya, ila alisahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo jibu lake lilisikika hadi mtamboni: "Haya, naapa! Sistaafu mimi mpaka niwakatie umeme!"

Mume wangu alikuwa zamu. Alirudi nyumbani akicheka hadi akakohoa. Alisema dada yake ameapa kiapo cha ajabu, kwa sababu huwezi kumkatia mtu kitu ambacho hujampa.

Mtaa wetu ulikuwa na namna yake ya kusubiri. Kila aliyejenga, alijenga na swichi. Mafundi walipitisha nyaya ukutani, wakafunga taa darini, soketi karibu na kitanda, kila kitu kamili isipokuwa umeme wenyewe. Ikawa adabu kwamba mgeni akiingia, kabla hajaketi, hubonyeza swichi ya sebuleni. Taa haiwaki. Mwenyeji husema, "Bado." Mgeni hujibu, "Itawaka." Hapo ndipo anapokaribishwa kiti. Anayeketi bila kubonyeza, tulijua hakulelewa vizuri.

Mume wangu alikwenda mbali zaidi. Alinunua redio kubwa ya umeme, ya zile za kizamani zinazopata moto kwanza ndipo ziseme, akaichomeka, akaiwasha. "Iwe tayari," alisema. Na kwa kuwa boila ilikuwa imeshayaharibu masikio yake, alizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Redio ikakaa hivyo juu ya kabati mwaka baada ya mwaka, kimya kabisa, huku imefunguliwa kwa nguvu zote.

Shangazi alipanda kutoka kwenye gari hadi ofisi ya ratiba. Huko ndiko alikopatia jina lake. Aligundua kwamba laini ya mlimani haikuwamo katika mgao, na haikuwahi kuwamo tangu enzi za wakoloni. Katika chumba cha kuongozea mitambo swichi yake ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na kila mtu alijua haiguswi ingawa hakuna aliyejua kwa nini. Shangazi akaenda kwa meneja wa wakati ule. Akamwambia neno lenyewe ni mgao, na mgao ni kugawana. Mtu akinyimwa fungu lake la giza, huo si mgao tena, ni uonevu. Meneja, ambaye aliishi mlimani, alisema hoja ni nzuri na akaomba muda wa kuitafakari. Aliitafakari mpaka akahamishwa. Aliyemfuata alikubali siku hiyo hiyo kwa sababu alikuwa hajaonyeshwa nyumba yake bado. Asubuhi ya mgao wa kwanza wa mlimani, meneja mpya aliingia ofisini amenyoa shavu moja, maana mashine yake ya kunyolea ilimfia mkononi. Shangazi alimsalimia upande ulionyolewa.

Baadaye aliongoza kitengo cha kuunganisha wateja, na kila mwaka aliuombea mtaa wetu. Kila mwaka alipewa jibu. Mara laini kubwa haitolewi tawi njiani, mara transfoma hakuna, mara mgodi kwanza. Alikuwa akija kutuletea majibu hayo mwenyewe, akibonyeza swichi mlangoni, na mume wangu akimwambia, "Wifi yako ameshachoka kununua mafuta ya taa, fanya haraka utukatie." Walicheka sana hawa watu wawili. Nikiwa jikoni nilikuwa siwezi kujua nani kasema na nani kacheka.

Kisha kifua kikamshinda mume wangu. Madaktari walisema ni moshi, na sisi hatukuhitaji kuambiwa. Siku ya msiba nyumba ilijaa mafundi wa boila, wote wakiongea kwa kupaza sauti kwa sababu hawasikii, wakipeana pole kama watu wanaoitana kutoka kilima hadi kilima. Nadhani angefurahi. Shangazi aliingia, akasimama mlangoni, akabonyeza swichi. Mwenye kusema "Bado" hakuwepo. Basi akasema mwenyewe yote mawili, "Bado. Itawaka," akaja kuketi karibu yangu, na hakuondoka nyumbani kwangu hadi alipohakikisha ninakula.

Redio sikuigusa. Nilikuwa nikifuta vumbi pembeni ya vitufe tu.

Ndipo zikaja habari za jua. Tuliambiwa mtambo wa makaa utafungwa na nyuma yake kutajengwa shamba la paneli za sola, eneo kubwa hadi macho yachoke. Mtaa ulishangilia. Mwisho wa moshi! Kisha tukasomewa mpango wenyewe. Umeme wa jua ungekwenda mgodini, na utakaobaki ungevuka mpaka kuuzwa kwenye viwanda vya huko. Kwa waya ule ule, juu ya mapaa yale yale. Penye mtaa wetu wataalamu walikuwa wameandika mahitaji: sifuri. Sababu ilikuwa kwamba mahitaji hukadiriwa kwa kuangalia matumizi ya miaka iliyopita, na sisi hatukuwahi kutumia hata kidogo.

Shangazi alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu. Ofisa utumishi alikuwa ameanza kumpitishia karatasi za kustaafu, naye akawa anazirudisha. Ofisa alipouliza kuna tatizo gani, Shangazi alimjibu kwamba hawezi kustaafu kwa sababu kuna watu hajawakatia umeme. Ofisa yule ni mgeni hapa. Inasemekana alimwomba daktari wa shirika ampitie Shangazi kwa upole.

Katika mkutano wa mpango, ukumbi ulijaa mafundi wa boila wenye hofu ya kupoteza kazi na kina mama wa mtaa wenye hofu ya kupitwa tena. Shangazi alisimama. Hakuhitaji kipaza sauti. "Moshi mlipotuletea," alisema, "hamkutuuliza mahitaji yetu ni kiasi gani. Mlitugawia tu, tena kwa ukarimu. Leo limekuja jua, ambalo linatuchoma sisi, ndiyo mnatuuliza mwaka jana tulitumia ngapi?" Mafundi wa boila, ambao hawakusikia vizuri, walishangilia kwa kumwamini.

Mhandisi mgeni aliyeandaa hesabu zile alikuwa mwanamke mpole, mwenye kofia pana na Kiswahili cha kujifunza. Alisema hesabu hufanywa hivyo kila mahali. Shangazi hakubishana naye. Alimkaribisha chai mtaani kwetu.

Nyumba ya kwanza mhandisi aliketi bila kubonyeza. Bibi mwenye nyumba alimtazama, akamtazama, mpaka mgeni wa watu akasimama mwenyewe akidhani amekalia kitu. Akafundishwa. Nyumba ya pili alibonyeza, akaambiwa "Bado," akajibu kwa kujiamini, "Itakwama!" Tulicheka hadi chai ikamwagika. Alipoelezwa alichosema, naye alicheka hadi kofia ikaanguka. Tukaendelea. Kwa fundi cherehani alikuta friji limejaa vitambaa vya wateja. Kwa kinyozi alikuta mashine ya umeme imening'inia ukutani kama picha ya mzazi, na kinyozi akikata kwa mkasi chini yake. Nesi wa zahanati yetu alimwonyesha friji la chanjo ambalo anatunzia mafagio, na njia anayotembea kila asubuhi kwenda kuzichukua chanjo kwenye zahanati ya mgodi. Kwangu aliiona redio. Akagusa kitufe, akakuta kimezungushwa hadi mwisho, akauliza kwa nini. Nikamweleza. Halafu akaenda kubonyeza swichi mara ya pili, bila kuambiwa, na safari hii akalisema neno sawasawa.

Sisemi chai ndiyo iliyoubadilisha mpango. Ilikuwa miezi ya vikao, na Shangazi alihudhuria vyote akiwa na mwavuli wake na kuuacha katika kila kimoja. Lakini hesabu zilirudiwa, safari hii kwa kuhesabu vitu vilivyokuwa vinasubiri ndani ya nyumba. Ikaamuliwa kwamba transfoma ya mtaa wa chini ya waya itatangulia laini ya mgodi, na kwamba mafundi wa boila watafundishwa kazi ya paneli. Wamefundishwa. Wanalalamika kila siku. Mmoja aliniambia, "Shemeji, kazi gani hii? Jioni unarudi nyumbani na mkeo anakutambua!"

Transfoma ilifika zikiwa zimebaki wiki nne Shangazi astaafu. Siku ya kuwasha ilipangwa adhuhuri, ili mgeni wa heshima awahi safari yake. Shangazi alipita mtaani akiwaomba watu wote wazime swichi kwanza, ili mzigo wa matumizi usiuelemee waya kwa mkupuo. Ombi la kawaida kabisa. Ila hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba mtaa mzima ulikuwa hauna hakika kuzima ni upande gani. Swichi zetu zilikuwa zimebonyezwa na wageni juu na chini kwa miaka, na hazikuwahi kutuonyesha tofauti. Wengine walisema juu ni kuzima, wengine chini. Majirani wawili walinuniana. Mwishowe kila mtu aliingia ndani, akabonyeza mara moja kwa usalama, akatoka nje kusubiri.

Mgeni wa heshima alivuta mpini. Kimya. Tulitazama waya, tukatazama transfoma, tukatazamana. Jua lilikuwa utosini. Fundi viatu, ambaye siku hizi ni mzee na ana meno machache lakini maneno yote anayo, akaguna, "Si nilisema?" Nilimwona Shangazi. Alikuwa ameshika mwavuli kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia nguzo isianguke. Taa zilikuwa zinawaka ndani ya nusu ya nyumba za mtaa, ila wenye nyumba wote tulikuwa nje juani, na hakuna aliyeziona.

Ndipo sauti ya mwanamume ikalipuka kutoka sebuleni kwangu ikitangaza bei ya vitunguu.

Mgeni wa heshima aliinama chini. Walinzi wake waliinama juu yake. Kuku wa mtaa hawakuonekana tena hadi jioni. Ni mafundi wa boila peke yao waliobaki wamesimama, wakiulizana watu wanakimbilia nini. Redio ya mume wangu ilikuwa tayari, kama alivyosema.

Kilichofuata ni vurugu ambayo sijapata kuiona. Kila mtu alikimbilia kwake. Mashine ya kinyozi ilikuwa inacheza ukutani. Feni ya muuza unga ilikuwa imemgeuza paka wake kuwa mweupe. Fundi cherehani aligundua friji lake siku ya pili tu, alipotoa suruali ya mteja nayo ikasimama wima bila kuvaliwa. Shangazi hakukimbia. Alikuja hadi mlangoni kwangu, taa ya sebuleni inawaka. Akabonyeza swichi, ikazima. Akabonyeza tena, ikawaka. "Imewaka, kaka," alisema, na redio ikamjibu kwa bei ya nyanya.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Lakini kiapo hakikuwa cha kuwasha. Wiki moja ilipita, umeme wa jua ukitiririka bila hitilafu hata ndogo, na katika shirika zima ni mtu mmoja tu aliyehuzunika. Kila asubuhi Shangazi alikwenda kwa msimamizi wa mafundi wa laini kuuliza kama hakuna kilichoharibika. Msimamizi akasema hapana. Akauliza kama hakuna hata kilicholegea. Mwishowe, Alhamisi iliyopita, msimamizi alitangaza kwamba kuna nati kwenye transfoma inayohitaji kukazwa, na itabidi umeme ukatwe kwa saa moja Jumamosi. Anashikilia kwamba nati ililegea yenyewe. Hatujamuuliza kwa spana namba ngapi.

Kanuni inasema ukataji wowote uliopangwa lazima utangazwe. Gari la matangazo lilivutwa kutoka nyuma ya karakana. Dereva wake wa zamani aliitwa kutoka katika ustaafu wake, akaja amevaa tai. Kipaza sauti kizima kilikuwa kimeshakufa. Kilibaki kile cha kukoroma. Jumamosi asubuhi gari liliingia mtaa wa chini ya waya kwa gia ya pili, na watu walikuwa wameshajipanga pande zote mbili za barabara kama wanaosubiri maharusi.

"Ndugu wateja," alisema Shangazi. Kisha kimya.

Tulidhani kipaza sauti kimeharibika. Dereva alikigonga kwa kiganja. Lakini kilikuwa kinakoroma vizuri tu. Yeye ndiye aliyekwama. "Malizia, dada!" fundi viatu alipiga kelele. "Wateja tupo!"

Akamaliza. Alisema umeme utakatwa kwa saa moja, na kwamba shirika linaomba radhi kwa usumbufu. Sijawahi kusikia watu wakishangilia usumbufu namna ile. Mama muuza mkaa, ambaye sasa anauza vinywaji baridi, alicheza hadi kiatu kikamtoka. Simu ilianza kulia kwa mwenzangu aliyekuwa zamu mapokezi, moja baada ya nyingine, wakazi wa mtaa wetu wakitoa malalamiko yao ya kwanza kwa sauti za furaha: "Haloo! Tumekatiwa! Ndiyo, hata sisi! Mtarudisha lini?"

Mimi nilikuwa nyumbani. Redio ilinyamaza katikati ya neno. Niliketi nayo. Saa ilipotimia ikarudi kwa kishindo kile kile, nikaruka kwenye kiti kama kila siku. Watoto wananishauri nipunguze sauti. Sina haraka.

Kwa niaba ya mapokezi, mafundi wa laini, waosha paneli wanaotambulika na wake zao, na mtaa wote wa chini ya waya, tunasema asante, Shangazi Mgao. Ofisa utumishi anaarifiwa kwamba sasa unaweza kustaafu bila kuvunja neno lako. Tunakutakia mapumziko marefu yasiyo na mgao, chai isiyochelewa kwa sababu zozote, na kila mlango utakaoingia, taa iwake kabla hujaketi.

Mkoba wako upo hapa mezani kwangu, wifi. Usitume mtu. Njoo mwenyewe.